Kondakta Ameacha Kuita Abiria

Nieleweke kwanza: mimi sikuomba ndege. Nilichoomba ni kitinda mimba wangu, Mwende, apate alama nzuri za Hisabati, na nilipotamka mbele ya mashahidi kwamba akizipata nitamnunulia chochote atakacho, nilikuwa na hakika kwamba ahadi ile haitanigharimu hata ndururu. Mimi ni mwalimu. Mtoto asiyepatana na sehemu namjua hata kwa kivuli. Akazipata. Hadi juzi nilikuwa bado nashuku kwamba mtihani ule ulivuja.

Akataka kasuku. Nikamwambia kasuku tunao tele nyumbani: kuna walio rafuni kwenye madaftari ya kurasa 96, na kuna aliye jikoni kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Hakucheka. Mama Mwende naye hakucheka, ila yeye alikuwa na sababu yake: mkebe huo ulikuwa mtupu tangu Jumatatu na aliyetumwa kununua mwingine ni mimi.

Sasa, kasuku yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeweza kukutukana kwa sauti ya mama mkwe wako, hafugwi hivi hivi. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa msituni imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, na humu nchini ukimweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wewe ndiye utakayeishia kizimbani. Tukaangukia binamu yake mdogo wa Australia, yule wa kijani mwenye uso wa manjano na mawimbi meusi mgongoni, anayezalishwa na wafugaji miaka nenda miaka rudi. Mzima mzima, na mkia wake, hafiki gramu arobaini. Kipande cha sabuni ya kuogea kinamshinda uzito.

Mwende alitaka kumpa jina la Kizungu linalomaanisha anga. Mimi nikamwita Kondakta, na jina likashika, kwa kuwa lilimfaa kama koti la kushonewa. Ananing'inia mlangoni. Anaanza kupayuka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijapanda Iveti, akiita abiria wa safari asiyoijua. Ukimpa kitu, hakirudi. Na isitoshe, Wakenya wengi wakisikia Machakos hawafikirii mji wetu wala milima yetu. Wanafikiria ile stendi ya mabasi kule Nairobi. Basi na tuwe na kondakta wetu, waridhike.

Tukaishi hivyo miezi minane. Nililalamika kila alfajiri, sikatai. Nilimfunika kwa shuka, nikamhamishia jikoni, nikatishia kumrudisha alikotoka. Halafu Novemba, wiki ile mvua ilipokaza na wingu likalala juu ya mji kama blanketi bichi, nikaamka saa kumi na mbili na nusu mwenyewe. Kimya. Nikafurahi kwa dakika mbili hivi, kisha nikaenda kutazama.

Alikuwa amejifutua manyoya akawa duara kama limau, macho nusu, mguu mmoja juu. Manyoya ya kichwa yalikuwa yamegandana kama ya mtoto aliyekula uji bila kusimamiwa. Chini ya shingo palikuwa pamevimba. Nikamsogelea, akatikisa kichwa kwa nguvu, na mbegu kadhaa zilizolowa zikanirukia kwenye miwani. Zilinuka uji uliochacha.

Hapa kwetu mtu akiugua hana budi kupona kabla majirani hawajajua, la sivyo matibabu yatamuua. Jirani wa kulia akasema mwarobaini. Jirani wa kushoto, ambaye ana kuku sitini na kwa hiyo hajibizani na mtu, akasema kiluma, yaani mshubiri, uupondeponde uutie kwenye maji pamoja na pilipili. Mwenye bodaboda aliyeniletea mkate akasema ndege huyo amerogwa, ila akakiri kwamba uganga si fani yake. Susu, mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kwa siku tatu mwezi wa Septemba na bado yupo, hakusema kitu. Alichovya mkate kwenye chai yake, ile chai ya vijiko vinne vya sukari, akaupenyeza kati ya nyaya. "Mgonjwa hufa njaa kabla ya ugonjwa," akasema. Baadaye nilikuja kujua kwamba mkate wa chai alikuwa anampa tangu Septemba.

Mimi, kama msomi wa nyumba, nikaenda agroveti.

Kijana wa kaunta hakuinua kichwa. "Mzee, una kuku wangapi?"

"Mmoja."

Hapo akainua. "Mmoja?"

"Na si kuku."

Akanipa pakiti ya unga wa manjano, dawa ya bakteria ya kutia kwenye maji. Vipimo vilivyoandikwa pale ni vya kuku mia moja. Nikafika nyumbani nikagawanya kwa mia, halafu nikagawanya tena kwa sababu kuku si kasuku, halafu nikaongeza kidogo kwa sababu ya huruma. Ikumbukwe kwamba somo langu ni Kiswahili. Maji yakawa na rangi ya soda ya machungwa, na kwa siku tano Kondakta akanywa soda hiyo, akila mkate wa chai, akazidi kuvimba shingo. Siku ya sita hakupanda kijiti. Alikaa chini, kwenye kona, juu ya gazeti la wiki iliyotangulia, juu ya safu yangu mwenyewe.

Mwende hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alinitazama tu, kisha akatazama ile pakiti ya manjano, kisha akanitazama tena.

Daktari wa mifugo tuliyempata ni binti mdogo aliyesomea Kabete, na siku zake nyingi huzimaliza mkono ukiwa ndani ya ng'ombe hadi begani. Kwenye benchi nje ya ofisi tulikuwa sisi na boksi letu la viatu lenye matundu, mama mmoja na mbuzi aliyekula kamba ya nguo pamoja na nguo, na askari wa ulinzi na mbwa wake, aliyekuwa akilitazama boksi letu kama mtu anayetazama sambusa. Tulikaa saa moja na nusu. Mguu wangu wa kulia uliniwasha muda wote huo, kati ya vidole, nikawa nausugua kwenye mguu wa benchi. Unaniwasha tangu nilipoanza kuvaa gambuti shambani. Miaka mitatu sasa. Hayo si ya leo.

Daktari alimpima Kondakta kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya bakuli la plastiki lililofunikwa. Gramu 31. Akamshika kwa kitambaa, kichwa kikiwa kati ya vidole viwili, kifua akikiacha wazi kabisa. Ndege hana kiwambo cha kuvutia hewa kama chetu, akatueleza. Hupumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kifua. Ukimkaba kifua, hata kwa mapenzi, umemnyonga. Nikakumbuka jinsi nilivyomshika wiki nzima nikimtia maji ya manjano mdomoni, nikatazama ukutani, ambako kulikuwa na picha ya ng'ombe na majina ya sehemu zake.

"Mwalimu, umempa nini?"

Nikataja mshubiri. Akasubiri. Nikataja pakiti. Akaweka kalamu chini.

Nitajaribu kurudia aliyoyasema, ingawa yeye aliyasema kwa upole na mimi nayarudia kwa aibu. Chini ya shingo ya ndege kuna mfuko wa kuhifadhia chakula, unaitwa gole. Ni pa joto, pabichi, na pana wanga. Humo hukaa bakteria wema ambao hawana kazi kubwa ila kukalia viti. Pia humo huwa na kuvu kidogo, chachu iitwayo Candida albicans, ile ile inayowaletea watoto wachanga utando mweupe mdomoni. Siku zote imesimama kwenye ngazi, haina pa kukaa. Sasa akaja Mwalimu na unga wake wa manjano, ambao kazi yake ni kuua bakteria na hauwezi kuifanya kuvu lolote. Abiria halali wote wakashushwa. Gari likabaki tupu, taa zinawaka, na Susu yuko mlangoni anagawa chai ya sukari.

"Kuanza, huenda kulianza na sukari," daktari akasema. "Wewe umemalizia."

Unajua unga wa mandazi unapouacha usiku karibu na jiko, asubuhi ukakuta umefura hadi umesukuma kifuniko? Hiyo ni chachu imekula sukari mahali pa joto. Ndiyo iliyokuwa shingo ya Kondakta.

Akachukua pamba ya kijiti, akaipitisha kooni haraka kuliko ninavyoweza kuieleza, akaipaka kwenye kioo, akatia rangi, akaosha, akaweka chini ya hadubini. Kisha akafanya jambo ambalo hospitali za binadamu hazijawahi kunifanyia: akaniita nione. Nikavua miwani, nikavaa, nikavua. Mwanzoni niliona kope zangu. Halafu nikaona: vijiyai vya zambarau iliyokolea, vingi, na kila cha pili kimebeba kijitoto ubavuni, kama punje ya mahindi inapotoa kichipukizi. Vilikuwa vinazaana. Ndani ya Kondakta wangu, kwa chai ya mama yangu. Mwende alipotazama hakusema "ee" wala "aa". Alihesabu.

Daktari akasema tumshukuru Mungu ni ya goleni. Kilichomtia wasiwasi kwanza ni mapafu. Ndege ana mifuko tisa ya hewa iliyotambaa hadi ndani ya mwili, na kuna kuvu nyingine, Aspergillus fumigatus, inayotoka kwenye nafaka yenye ukungu na takataka za mbao zilizolowa. Vumbi lake likiingia kwenye mifuko hiyo humea humo humo kama ukungu kwenye ukuta wa bafu. Huyo hatibiwi kwa wiki, hutibiwa kwa miezi, na dawa zake, itrakonazoli na vorikonazoli, bei yake inaweza kukufanya uanze kuongea na ndege wewe. Na hiyo itrakonazoli huwapiga vibaya wale kasuku wa kijivu. Inaweza kuwafanya waache kula kabisa. Nikawashukuru KWS kimoyomoyo kwa kibali nisichokuwa nacho.

Sisi tuliandikiwa nistatini. Mara mbili kwa siku, siku kumi, kabla ya kula. Dawa hii haiingii kwenye damu, akasisitiza. Inaua inachokigusa tu. Ukiimwaga mdomoni ikakwepa utando, umeosha mdomo. "Na usiache siku ya nne kwa sababu amechangamka. Nyinyi walimu hamsikii."

Kemisti ndipo nilipovuliwa nguo za mwisho. Nistatini ya majimaji ni dawa ya watoto. Hakuna chupa iliyochorwa ndege. Nikanyoosha karatasi. Dada wa kaunta akaisoma, akanitazama kwa huruma waliyonayo wanawake wakitazama wanaume walioachiwa watoto.

"Mtoto ana umri gani, baba?"

"Miezi kama kumi hivi."

"Ana kilo ngapi?"

"Gramu thelathini na moja."

Foleni nyuma yangu ikanyamaza. Mama mmoja akasema "Woi" kwa sauti ya chini. Nikaeleza haraka kwamba ni ndege, na wale waliokuwa wananihurumia wakaanza kunicheka, jambo ambalo nakiri lilinipunguzia mzigo. Lakini dada wa kaunta hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi. "Hapa pameandikwa sehemu ya kumi ya mililita. Mtoto mchanga hupewa mililita nzima. Hii ni sawa? Au kuna nukta imepotea?"

Sikujua. Mbele ya watu wote, na shahada yangu, sikujua.

Mwende akanisogeza kwa kiwiko. Akatoa daftari kwenye mkoba wa shule (lile lenye picha ya kasuku, nikalitambua hapo ndipo), akaliweka juu ya kaunta. Daktari alisema yuniti laki tatu kwa kilo. Ndege ana gramu 31, yaani kilo sifuri nukta sifuri tatu moja. Laki tatu mara hiyo ni 9,300. Chupa imeandikwa yuniti laki moja kwa mililita. Gawanya. Inakuja karibu na sehemu ya kumi. Nukta haijapotea. Alipiga mstari mara mbili chini ya jibu, kama anavyofundishwa. Dada akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, akatupa na sindano ndogo ya insulini. Sindano hiyo ina vijistari mia kwa mililita moja, akasema, kwa hiyo ni kistari cha kumi. Ila ng'oeni ncha.

Nilitembea hadi stendi bila kusema neno. Kama mtihani ule ulivuja, ulimvujia ndani ya kichwa ukabaki humo.

Watu hudhani dawa ndiyo tiba. Dawa ilikuwa shilingi mia kadhaa. Tiba ni kumshika kiumbe anayeuma kama mkasi wa kucha, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, umzungushie taulo bila kukaba kifua, umwingizie sindano kutoka upande wa kushoto wa mdomo ukielekeza kulia, usubiri ameze, asubiri umeze wewe mate, halafu akutemee. Nistatini ni ya manjano, nzito, yenye utamu wa kughilibu. Shati langu la mikutano ya sacco lina ushahidi. Siku ya tatu alinikamata ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada akaning'inia hapo, na mimi nikaning'inia kwenye kanuni ya kutokaba kifua, tukatazamana, jicho kwa jicho, mpaka Mwende alipotutenganisha kwa kijiti cha meno.

Nyumba nayo ikatibiwa. Vijiti vya kizimba vikachemshwa kwenye sufuria ambayo Mama Mwende ameipa talaka. Vyombo vya maji vikalowekwa kwenye jiki, vikasuuzwa mpaka harufu ikaisha. Matunda marufuku, mkate marufuku. Tangazo la mwandiko wa Mwende likabandikwa kizimbani: CHAI NI SUMU. Susu hasomi Kiswahili cha herufi kubwa, kwa maelezo yake.

Usiku wa nne, nikiwa macho kwa sababu ya wasiwasi na mguu, nikasoma kuhusu dawa yenyewe. Nistatini ilitangazwa 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen aliyekuwa jijini New York na Rachel Fuller Brown aliyekuwa Albany, wote wafanyakazi wa idara ya afya ya jimbo hilo. Walikuwa wakitumiana vipimo kwa posta. Hazen alikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali atafute vijidudu vinavyoua kuvu, na kilichowafaa kilitoka kwenye udongo wa shamba la marafiki zake, Virginia. Dawa wakaiita kwa kifupi cha jina la jimbo lao: Nystatin, New York State. Zaidi ya dola milioni 13 za mrabaha zilipatikana, wao wakazitoa zote kwa utafiti wa sayansi. Na mafuriko yalipoikumba Florence mwaka 1966, michoro ya watu wakubwa ikaanza kuota ukungu, dawa hiyo hiyo ikapelekwa kuitibu. Nikawaza: ingegunduliwa kaunti yetu, ingekuwa na picha ya mtu fulani kwenye chupa, anayetabasamu, na uzinduzi wake ungekuwa na hema tatu na chupa hazijafika.

Siku ya tano daktari akapiga simu kuuliza mbegu za ndege nazihifadhi wapi. Nikasema storini, pamoja na mahindi. Akauliza mahindi yamekauka? Nikasema yamekauka, mimi si mtoto. Akasema chukua chupa kavu ya soda, tia mahindi, tia chumvi kavu, tikisa, uache yatulie. Chumvi ikishika kwenye chupa, hayajakauka. Nikafanya ili nimwonyeshe. Chupa ikawa nyeupe ndani kama imepigwa chokaa.

Nikamwita Susu amsute daktari, maana yeye ndiye aliyeanika mahindi yale. Akaishika chupa, akaigeuza, akakaa chini kwenye kigoda. Muda mrefu.

Huku Ukambani kuvu ina historia ambayo hata mpiga soga hasogei nayo mbali. Mwaka 1981, kati ya Machi na Juni, watu 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos wakiwa na homa ya ini, 12 wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa na sumukuvu, ile aflatoksini, itolewayo na Aspergillus flavus, ndugu wa ile ya mapafu ya ndege. Mwaka 2004 ikarudi, zaidi Makueni na Kitui, na kwetu pia: wagonjwa 317, waliokufa 125. Sumu yenyewe dunia ilionyeshwa na ndege. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza, watu wakaita ugonjwa X kwa kukosa jina, hadi ikajulikana ni karanga zenye kuvu kwenye chakula chao.

Susu hajasoma hayo. Yeye anakumbuka mwaka ule wa kwanza. Anasema njiwa ndio walioanza. Walikuwa wanaokotwa asubuhi chini ya mkuyu, mmoja, wawili, watoto wakafurahi wakidhani ni kitoweo. "Tukasema ni baridi," akasema. Hakuendelea, na mimi sikuuliza njiwa walifuatiwa na nani kwa upande wetu, kwa kuwa kuna mjomba ambaye nilimjua kwa jina tu.

Mahindi yakatolewa yote nje, yakaanikwa upya juu ya turubai, yale yenye rangi ya kijani na ya kahawia yakachambuliwa moja moja. Nikauliza kama haya mabovu tumpe jirani wa kuku sitini. Ndivyo tulivyozoea, mahindi yakiharibika ni ya kuku, kana kwamba kuku ana maini ya bati na mayai yake hatuyali sisi. Susu akanitazama, nikaenda kuchimba shimo.

(Na kule Katumani, hapo tu ukitoka mjini, watu wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, wana kiwanda kidogo cha kutengeneza Aflasafe: mtama uliopakwa kuvu ya jamii ile ile lakini isiyo na sumu, unaumwaga shambani kabla mahindi hayajatoa maua, nayo inawahi kukalia viti. Mimi nimepita nje ya lango lile miaka ishirini nikidhani wanashughulikia mbegu peke yake. Mwende alipolisikia jambo hili alisema, "Kumbe ni kama gole," akaendelea kula.)

Siku ya saba Kondakta alipanda kijiti. Siku ya nane akamwaga maji kwa makusudi. Siku ya tisa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nadhani mnajua. Nikamfunika shuka kama zamani, ila sikuikaza. Dozi tukamaliza, kistari cha kumi hadi ya mwisho.

Tulirudi kwa daktari. Gramu 36. Akapitisha pamba, akatia rangi, akaniita: kioo kimetulia, vijiyai hakuna, kuna vijifimbo vyembamba tu, abiria wa halali wamerudi kwenye viti. Nikalipa bila kunung'unika, jambo lililomshtua Mwende. Nilikuwa nishafika mlangoni daktari aliposema:

"Mwalimu. Mimi ni wa wanyama, sina ruhusa ya kukutibu. Lakini siku ile ulisugua mguu kwenye benchi langu saa moja na nusu, na leo umeanza tena. Pitia kemisti."

Nikamwambia haya ni mambo ya gambuti. Nikamwambia nimeishi nayo miaka mitatu, tumezoeana. Nikamwambia naweka chumvi na maji moto nikikumbuka. Mwende alikuwa amesimama pale na boksi la viatu, akiniangalia kwa macho yale yale aliyoiangalia nayo pakiti ya manjano.

Kemisti alikuwa dada yule yule. "Leo mgonjwa ana uzito gani?"

"Kilo tisini na mbili," Mwende akasema, kwa sauti ya kutosha foleni nzima.

Krimu ya klotrimazoli. Wiki nne, asubuhi na jioni, kati ya vidole vyote na si kinachowasha peke yake, na usiache wiki ya kwanza kwa sababu umechangamka. Nilikuwa nimepanga kuanza Jumatatu. Lakini kengele ya simu ya Mwende, ile tuliyoitega kwa ajili ya nistatini, hakuna aliyeitegua. Jana saa kumi na mbili jioni ikalia. Kondakta akaiitikia kutoka mlangoni pake, na mtoto akatokea na taulo lile lile begani.

"Baba. Vua soksi."